Vidonge Nilivyovifunga Kwenye Pindo la Kanga

Kama umeambiwa moyo wako umechoka, tafuta mito uegemee, usome polepole. Hakuna anayekukimbiza. Mimi wananiita Mama Shija, Mnyamwezi niliyeletwa Morogoro na kazi ya kiwanda cha nguo nikiwa msichana, na moyo wangu ulianza kuchoka nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Bado nipo. Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki ukijiuliza kama jirani yako ataonekana mwezi ujao. Utaalamu sina. Nina kosa moja ambalo sitaki ulirudie, na nitalieleza lote, hata pale linaponivua nguo.

Ilianza na viatu. Ndiyo kwanza mitumba ilikuwa imejaa sokoni, na sisi tuliozoea kupanga foleni kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni tulikuwa tunachagua mpaka tunachoka. Nikapata viatu vyeusi vya ngozi, vizuri hasa. Baada ya wiki mbili havikuingia. Nikamlaumu muuzaji, nikamwambia ngozi ya Ulaya inasinyaa kwa joto letu. Nikatafuta vingine, vikubwa zaidi, navyo vikanikataa. Mume wangu, Mzee Maganga, ndiye aliyeukamata mguu wangu akabonyeza kwa kidole gumba. Akakitoa kidole, shimo likabaki palepale. Tukaliangalia wote wawili.

Kabla ya hapo nilikuwa nahema nikipanda ngazi tatu za mlangoni, lakini sikushtuka. Kiwanda kilikuwa kimepata mmiliki mpya na wengi wetu tukapunguzwa kazi siku moja, mimi nikiwa msimamizi wa chumba cha kusokota nyuzi kwa miaka mingi. Nilidhani nahema kwa uchungu. Watu walinipa pole za kazi na mimi nikazipokea, kumbe walitakiwa kunipa pole nyingine.

Vuli ilinikuta wodini. Sitakueleza vipimo. Daktari alisema moyo umepanuka na unasukuma damu kivivu, nami nikakasirika, kwa sababu hakuna kiungo changu kilichowahi kuitwa kivivu. Wakanipa vidonge vya kukojoa. Nilikojoa mpaka nikamwonea aibu aliyekuwa anamwaga chombo. Pete yangu ya ndoa, ambayo ilikuwa imezama kwenye nyama, ikaanza tena kuzunguka kidoleni. Nesi mmoja mfupi, mkali kwa kila mtu, alinitafutia mito miwili ya ziada, na bila mito ile nisingepata usingizi, maana nikilala chali nilikuwa nazama kwenye maji yangu mwenyewe. Huyo nesi mpaka leo namwombea dua.

Niliporuhusiwa nilipewa pia vidonge vidogo sana vyeupe, vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Vilikuwa kwenye chupa ndogo ya kioo cha kahawia. Mara ya kwanza nilipotumia kidonge kimoja, kiliuma ulimi kama pilipili, halafu kichwa kikaanza kugonga mpaka nikashika ukuta. Kifua kikaachia. Mama aliyekuwa akigawa dawa dirishani alikuwa ameniambia, "Zikae humohumo kwenye chupa, mama." Nikaitikia ndiyo, kama mtu anavyoitikia akiwa kwenye foleni na nyuma yake kuna watu arobaini.

Nyumbani Mzee Maganga akaipenda ile chupa. Ugoro wake ulikuwa unaingia unyevu, na kifuniko cha chupa ile kilikaza vizuri. Nikampa. Vidonge nikavifunga kwenye pindo la kanga, mahali ninapofunga vitu vyangu vyote vya maana tangu nilipovunja ungo. Niambie, mwanamke gani wa kwetu angefanya vingine? Kwenye pindo havipotei, na kifua kikibana huna haja ya kuinuka kutafuta.

Kliniki ilikuwa Jumatano moja kila mwezi. Hapo ndipo nilipokutana na Skolastika. Alikuwa Mluguru wa juu huko Mgeta, kijiji cha misheni, mjane, mkulima wa kabichi na njegere, aliyeshuka mjini na lori la mboga. Moyo wake ulikuwa mbovu kuliko wangu. Siku ya kwanza aliposikia nimetokea Tabora alinigeukia na mwili mzima.

"Kumbe umekaa hapa unatuhemea, kumbe ni mpagazi wa babu yangu! Mzigo wangu umeuweka wapi?"

Nikamjibu, "Nimeuacha mlimani, nikasema nikiupandisha na mimi nitaota mguu mmoja mfupi kama wako."

Benchi zima likacheka. Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Mababu zetu walipita huko na misafara, wakapigana, wakazikana, wakaishia kutaniana. Mtani anakutukana na wewe unamtukana, hakuna kesi. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kufanya vituko, kuvaa nguo zako na kuiga kikohozi chako, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Anayekasirikia utani ndiye anayeonekana hana adabu.

Basi tukawa hivyo, Jumatano baada ya Jumatano. Yeye akinibania nafasi, mimi nikimbania. Akinitazama miguu akisema leo wapagazi wameota magogo. Nyumbani kila mtu alikuwa ananizungumzia kwa sauti ya chini, binti zangu wamekuwa wapole mpaka wananitisha, na mzee ananizuia hata kuinua sufuria. Skolastika peke yake ndiye aliyenitendea kama mtu mzima wa afya anayestahili kutukanwa. Nilimpenda kwa hilo.

Masika ilipoanza alikuja daktari mwanamke kutoka Dar es Salaam, Daktari Mwanaidi, msichana mwembamba mwenye miwani, pamoja na mashine aliyoifungia kwenye chumba kimoja cha hospitali. Akasimama mbele ya benchi akatueleza kwa upole. Alisema katika damu kuna chembe ndogo sana, zinaitwa chembe sahani. Ukijikata ndizo zinazokimbilia jeraha na kushikana mpaka damu ikome. Zikishikana ndani ya mshipa mzima, ni hatari. Kwa hiyo ukuta wa mshipa hutoa gesi kidogo mno, naitriki oksaidi, ya kuziambia zitulie. Vile vidonge vyetu vya ulimi navyo, vikiingia mwilini, hugeuka gesi hiyohiyo.

"Mimi nataka kujua," akasema, "kwa watu wenye moyo uliochoka, kama chembe hizi bado zinasikia zikiambiwa. Nachukua damu kidogo, naitia dawa, naangalia zinatulia au zinakaidi."

Skolastika akauliza, "Na zikikaidi utazichapa?"

Watu wakacheka, lakini alipotoa sindano kicheko kikakatika. Huku kwetu mgeni anayeomba damu anaitwa jina moja tu, mumiani, na wapo watu wazima waliokimbia mashamba kwa sababu ya gari moja lisilojulikana. Wawili wakakumbuka ghafla kwamba wameacha vyungu motoni. Skolastika akakunja mkono wa gauni lake kabla ya wote.

"Chukua, mwanangu. Ila usiichanganye na ya huyu mpagazi, yake imejaa jasho."

Nami nikatoa. Ningewezaje kukataa baada ya hapo?

Mwisho wa masika dirisha la dawa halikuwa na vidonge vya ulimi. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa kila kona, yana losheni, yana maziwa ya watoto, yana miwani ya jua, lakini hivyo vidonge tuliambiwa tusubiri. Skolastika alikuwa ameishiwa kabisa, na kifua chake kilikuwa kinambana hata akiinama kung'oa majani. Nikafungua pindo langu la kanga, nikamhesabia saba.

"Vinanuka Tabora," akasema.

"Usivimeze. Chini ya ulimi."

Akavifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo mara mbili, akalipigapiga kwa kiganja.

Hapa nataka unisikilize vizuri. Wakati huo vidonge vyangu vilikuwa vimeacha kuniuma ulimi. Kichwa nacho kilikuwa hakigongi tena. Nilishukuru Mungu. Nilidhani nimezoea dawa, kama mtu anavyozoea pilipili. Kifua kikibana nilikaa, nikaweka kidonge, nikangoja, na baada ya muda kilikuwa kinaachia chenyewe kwa sababu nimekaa. Sifa nikaipa dawa.

Jumatano ya mwezi uliofuata, baridi ya kipupwe imeingia, Skolastika hakuja. Dereva wa lori la mboga alisema yuko kwenye njegere, zimekomaa zote kwa mpigo. Daktari Mwanaidi akaniita ndani.

"Kichwa bado kinakuuma ukitumia kidonge?"

"Siku hizi hapana. Nimezoea."

Akaacha kuandika. "Nionyeshe hivyo vidonge, mama."

Nikafungua pindo mbele yake. Vilikuwa pamoja na pini na ufunguo wa sanduku. Akachukua kimoja, akakiweka kwenye ncha ya ulimi wake mwenyewe, akangoja, akakitema kwenye kitambaa.

"Vimekufa hivi," akasema. "Dawa hii inaruka kama mvuke. Ukiitoa kwenye chupa yake ya kioo, kitambaa kinainyonya, siku chache tu unabaki na chaki. Hukuambiwa?"

Nikaanza kulifunga tena pindo.

"Hukumpa mtu mwingine?"

Nikasema, "Hapana."

Neno lile lilitoka kabla sijaliita. Nilikuwa mwanamke aliyesimamia watu sitini kiwandani, niliyesoma mpaka darasa la nane, na nilikuwa nimekemewa kwa upole na msichana wa umri wa mwanangu wa tatu. Isitoshe, tulikuwa tumekatazwa kugawiana dawa. Akanipa chupa mpya, imejaa, akanishikisha mkononi kwa mikono yake miwili.

Njiani kwenda nyumbani nilishapanga kila kitu. Nusu ya chupa ile itakuwa ya Skolastika, nitamtafutia na kichupa chake cha kioo. Kilichonishinda ni kumpelekea habari. Nilimjua. Angenicheka benchini, angenicheka sokoni, angepanda lori akiwasimulia wauza kabichi wote jinsi mpagazi alivyobeba chaki kutoka Tabora akaiita dawa. Nisingelala kwa utani. Nikaona afadhali nimweleze mwenyewe, kwa wakati wangu, kliniki ijayo, nikiwa nimeshaandaa la kumjibu. Nikaanza hata kulitafuta hilo jibu. Nilitafuta tusi, mwenzangu, wakati mtu ana vidonge saba vya chaki kwenye pindo lake.

Lori la mboga lilikuwa linashuka kila asubuhi. Nilikuwa napita pale wanapopakua, nanunua mchicha, namsalimia dereva. Ingetosha kusema, "Mwambie Skolastika vidonge vile avitupe, aje haraka." Nilipita siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Siku ya kumi na mbili dereva mwenyewe aliniita, ameshika gunia la njegere kifuani, akaniambia mtani wako amefariki jana shambani.

Mzee Maganga alinizuia kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. "Unataka nizike wawili?" Nikamwambia anizike, lakini mlimani nakwenda. Akaniangalia, akaona hakuna cha kubishana, akapanda na mimi kwenye kabini ya lori. Baada ya Mlali barabara inaanza kupanda na kujikunja, na kila kona masikio yangu yalikuwa yanaziba. Mahali lori linapoishia kuna njia ya miguu. Mtu mwenye afya anaimaliza kabla jasho halijamkauka. Mimi nilikaa chini mara saba. Mara ya nne kifua kilibana kweli, nikafungua chupa, nikaweka kidonge chini ya ulimi.

Kiliuma. Kichwa kikagonga. Nikakaa kwenye jiwe nikalia kwa jinsi kilivyokuwa kinauma, mzee amenishika bega akidhani nakufa.

Fides, binti yake Skolastika, alinipokea jikoni. Alikuwa na miaka kama thelathini, mrefu, mikono ya mama yake. Nilikuwa nimeshamwona mara mbili kliniki, akimsindikiza mama yake, naye alikuwa amerithi ulimi uleule. Alikuwa akiniita mke wa babu yake. Siku ile alinisimulia bila mimi kumwuliza. Walikuwa wanachuma njegere. Mama yake alikaa ghafla kwenye tuta, akafungua pindo.

"Akaweka kimoja," Fides akasema. "Akangoja. Akaniambia, 'Hakiumi.' Akaweka cha pili. Akasema, 'Vya huyu mpagazi havina hata ladha.' Alikuwa anacheka, mama. Akaweka cha tatu. Nilimwambia tumteremshe, akasema ngoja kwanza kifanye kazi."

Alikingoja. Hilo ndilo lililoniingia na halijatoka. Asingekuwa na kitu cha kungoja, huenda wangembeba mapema.

Huko nje wazee walikuwa wameshasikia mtani amefika. Wakaniita uani. Watu wamejaa, wanawake wameketi kwenye mikeka, mjomba wa Skolastika, mkubwa wa ukoo, amekaa kwenye kigoda. Wakaanza kunidai kazi yangu. "Mpagazi, mbona umekuja mikono mitupu? Tuonyeshe alivyokuwa anatembea!" Mtu akanitupia gauni la Skolastika la kliniki nilivae. Nililijua gauni lile. Nikalishika tu.

Nikasema kwa sauti niliyokuwa nayo, maana pumzi ilikuwa ndogo, "Mimi ndiye niliyemuua."

Wakaangua kicheko.

Nikasema tena, "Nilimpa dawa iliyokufa. Nilijua imekufa, nikakaa siku kumi na moja sikumwambia."

Mjomba akafuta machozi ya kicheko kwa kiganja. "Huyu ndiye mtani!" akasema. "Wengine wanaiga kikohozi, huyu anajitwika maiti nzima!" Wakapiga makofi. Bibi mmoja aliyekuwa amelia tangu asubuhi mpaka sauti imekauka alicheka hadi akaegemea mwenzake. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyosema najua kuigiza. Nilipiga magoti, wakasema nimezidisha sasa. Mwishoni wakanipa kuku mzima, haki ya mtani, na mzee akambeba kuteremka naye kwa sababu mimi sikuweza kumgusa.

Baada ya hapo sikuwa mzima. Namaanisha zaidi ya moyo. Mchana kweupe, napepeta mchele, nilikuwa namsikia nyuma yangu akisema "hakiumi", kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu. Kliniki nilibana nafasi yake benchini kwa mkoba wangu, na mtu akiomba kukaa nilikuwa mkali. Mara mbili nilimwona kabisa kwenye foleni ya dawa, kisogo chake na kitambaa chake cha bluu, nikasogea, ikawa mtu mwingine. Mwambie mtu jambo kama hilo atakushauri ule vizuri.

Kiangazi kile niliacha vidonge vya ulimi. Sikumwambia yeyote. Kifua kikibana nilikaa na maumivu yangu, nikahesabu, nikijiambia yeye alipata chaki na mimi nipate hewa tu. Miguu ikavimba tena. Tumbo likajaa maji, kanga hazikuzunguka. Mzee Maganga alipogundua chupa haijapungua alitoka nje akakaa mlangoni, akakitoa kile kichupa cha ugoro mfukoni akakipasua kwenye jiwe. Sikuwa nimefikiria kwamba naye alikuwa na kesi yake. Kama unaugua, kumbuka kwamba nyumbani kwako wengine wanajihukumu kimyakimya, na wewe unawapita ukienda kulala.

Nikarudishwa wodini. Daktari Mwanaidi akaja kitandani, na safari hii nikamwambia ukweli, kwamba nilimpa Skolastika saba. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akavua miwani. Baada ya muda akatoka, akarudi na karatasi mbili zenye mistari iliyochorwa na ile mashine.

"Huu ni wako," akasema. "Unaona unavyoshuka hapa? Nilipotia dawa, chembe zako zilisikia. Si sana, lakini zilisikia. Na huu ni wake." Mstari wa Skolastika ulikuwa umekwenda juu, ukakaa hukohuko. "Chembe zake hazikusikia kitu. Nilitia dawa mpya, nikaongeza. Zilishikana vilevile. Nimeona hivyo kwa wengi ambao moyo umechoka sana."

Nikamshika mkono. "Kwa hiyo hata vingekuwa vizima visingemsaidia?"

Nilikuwa namwomba kwa macho aseme ndiyo. Neno moja tu, nami ningelibeba mpaka kaburini.

"Sijui," akasema. "Chembe ni jambo moja, mishipa ni jambo jingine. Mishipa yake huenda ingesikia hata kama chembe zilikaidi. Kifua kingeweza kuachia. Kingeweza pia kisiachie. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya, mama."

Nilimchukia kwa wiki nzima. Leo naona alinipa heshima ambayo mimi sikumpa yeye aliponiuliza swali rahisi kuliko hilo. Lakini nitakiri: kwa muda mrefu niliutumia mstari ule. Kila sauti ya Skolastika iliponijia nilikuwa naijibu, damu yako ilikuwa haisikii, mimi nisingeweza kitu. Alikuwa ananyamaza kidogo, halafu anasema tena hakiumi.

Vuli iliponyesha na barabara haijaharibika bado, nilipanda tena Mgeta. Nilikuwa nimeanza dawa zote, miguu imepungua, na njiani nilikaa chini mara tatu tu. Mzee nilimwacha kwa mjomba, wakazungumza mambo ya wazee. Nikamkuta Fides kwenye tuta anapandikiza miche ya kabichi. Aliponiona akaanza, "Eh, mke wa babu, umefuata kuku mwingine?" Nikainua mkono kumzuia.

"Fides, sikuja kwa utani. Leo mimi si mtani. Nisikilize kama unavyomsikiliza mgonjwa."

Nikamwambia yote, chupa, ugoro, pindo, daktari alivyoonja, uongo wangu, lori lililoshuka kila asubuhi. Nikamwambia na habari za mistari miwili, halafu nikamwambia pia maneno ya daktari kwamba hajui, ingawa ulimi ulitamani kuishia kwenye mstari. Aliendelea kushika mche mmoja muda wote, udongo unadondoka kwenye mizizi.

"Siku ile ulisema," akasema mwishoni.

"Nilisema. Walicheka."

"Na mimi nilicheka." Sauti yake ilivunjika hapo. "Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikacheka. Nilisema moyoni mama angefurahi."

Akauliza, "Kwa nini hukutuma neno kwa dereva?"

"Niliogopa mama yako atanicheka."

Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa tayari, na nadhani ningeshukuru. Badala yake akaupanda ule mche, akaushindilia udongo kwa vidole, akanyanyuka, akaniletea maji ya kunywa kwenye kata, akanishika mkono mpaka kwenye kivuli kwa sababu aliona nahema. Akaniuliza kama natumia dawa zangu. Nikasema ndiyo. Akasema nisiache.

Miaka imepita. Vidonge vyangu vinakaa kwenye chupa yake ya kioo, na kila mgonjwa mpya anayekaa karibu nami kliniki namuuliza vyake viko wapi kabla sijamuuliza jina. Nimeshawafungua wanawake wengi mapindo ya kanga bila ruhusa. Ukiona kidonge chako cha ulimi kimeacha kuuma, usishukuru. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Na kama umempa mtu, mkimbilie, akucheke mpaka achoke.

Fides hushuka mjini na lori kila baada ya wiki chache, na hapiti bila kuingia kwangu. Huniletea kabichi, karoti, njegere za msimu. Huniuliza miguu inaendeleaje, huosha vyombo nikiwa nimechoka, na watu wa mtaani husema nimepata binti wa tano. Hajawahi tena kuniita mke wa babu. Hajafunua chungu changu hata mara moja. Mimi humchokoza, humtukania milima na kabichi zake, naye hutabasamu kidogo, huinamisha kichwa, hupiga goti mlangoni pangu mbele ya majirani na kusema, "Shikamoo, mama," kwa adabu zote ambazo mtu humpa mgeni. Naitikia marahaba, namkaribisha ndani, na kila anapokuja naomba Mungu leo anitukane.